Bei ya Saa Moja: Historia ya Kibali cha Gorila wa Milimani na Suala la Safari Nafuu, 1955–2024

1.0 Utangulizi

Mgeni anayekwenda kuwaona gorila wa milimani hununua saa moja. Kibali anachopewa hakimruhusu kukaa msituni apendavyo, wala hakimwelezi mapema kama atatembea nusu saa au nusu siku kabla ya kuwafikia wanyama hao. Kinampa dakika sitini mbele ya kundi moja lililozoezwa watu, yeye pamoja na wageni wengine wasiozidi saba. Mwaka 2024 saa hiyo iliuzwa kwa dola 1,500 za Marekani nchini Rwanda na dola 800 nchini Uganda. Katika Hifadhi ya Virunga, upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, bei iliyokuwa ikitozwa kabla ya vita kufunga tena njia za watalii ilikuwa dola 400. Milima ya Virunga ni safu moja, na kilele cha Sabinyo ni mahali ambapo nchi zote tatu hukutana. Huduma inayouzwa inafanana kwa karibu kila kipengele: mwongozaji mmoja au wawili, wafuatiliaji nyayo waliotangulia alfajiri, askari wenye bunduki, na saa.

Makala haya yanachunguza asili ya tofauti hiyo. Swali la namna ya kupanga safari nafuu ya gorila huulizwa kwa kawaida kama swali la msafiri: apande basi gani, alale wapi, aende mwezi gani. Hapa linachukuliwa kuwa swali la historia. Hoja inayotetewa ni kwamba bei ya kibali, tangu ilipoanza kutozwa kwa utaratibu, haikufuata gharama ya kumpeleka mgeni msituni. Ilifuata ukubwa wa ardhi iliyogombaniwa, idadi ndogo ya wageni ambayo afya ya wanyama iliruhusu, na hali ya amani upande mmoja wa mpaka ikilinganishwa na upande wa pili. Kwa sababu hiyo, nafuu aliyoipata msafiri katika kipindi chochote ilikuwa na mtu mwingine aliyeigharimia, na mara nyingi mtu huyo hakuwa mbali na mlango wa hifadhi.

2.0 Kabla ya kibali: Kisoro, 1955–1969

Gorila wa milimani waliingia katika maandishi ya kisayansi kwa risasi. Tarehe 17 Oktoba 1902 Kapteni Robert von Beringe, afisa wa Kijerumani, aliwapiga gorila wawili kwenye mteremko wa Sabinyo. Mwaka uliofuata jina lake likawa sehemu ya jina la kisayansi la wanyama hao. Watu waliofuata katika miongo miwili iliyokuja walikuwa wawindaji na wakusanyaji wa mifano ya makumbusho. Mmoja wao, Mmarekani Carl Akeley, alifika mwaka 1921 kuwaua gorila kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, kisha akageuka kuwa mtetezi wao. Hifadhi ya Taifa ya Albert, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ya Ubelgiji mwaka 1925, ilitokana kwa sehemu kubwa na ushawishi wake. Hifadhi hiyo haikuundwa kwa ajili ya wageni wa matembezi. Ilikuwa eneo la utafiti, na wenyeji waliokuwa wakilima, wakichunga na kuwinda humo walijikuta kwa tamko moja wamekuwa wavamizi.

Biashara ya kuwaonyesha watu gorila ilianzia upande wa Uganda, katika mji mdogo wa Kisoro. Mwaka 1955 Mjerumani Walter Baumgärtel aliichukua hoteli ya Travellers Rest, nyumba ya wageni ya hali ya kawaida chini ya volkano tatu za Muhavura, Gahinga na Sabinyo. Aliona kwamba gorila waliokuwa mlimani wangeweza kuwaleta wageni hotelini, akawaandikia wanasayansi kuomba msaada. Louis Leakey alimtumia Rosalie Osborn mwaka 1956, na baada yake akafika Jill Donisthorpe. George Schaller, ambaye utafiti wake wa mwaka 1959 na 1960 ndio uliowatoa gorila katika sifa ya uzimwi na kuwaonyesha kuwa walaji majani watulivu, alipita hapo pia. Dian Fossey alikuja baadaye.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mgeni wa Kisoro hakulipia gorila. Alilipia chumba, chakula, na kazi ya mwongozaji, hasa Reuben Rwanzagire, mtu ambaye ujuzi wake wa kusoma kinyesi, matawi yaliyovunjwa na malalo ya usiku uliwafundisha wanasayansi kadhaa kazi yao. Gorila hawakuwa wamezoezwa. Wageni wengi walipanda siku nzima na kurudi na hadithi ya nyayo tu. Kwa kipimo cha leo safari hiyo ilikuwa rahisi mno, lakini urahisi wake ulikuwa wa bidhaa isiyo na uhakika. Baumgärtel aliondoka Kisoro mwaka 1969, naye hakuwa tajiri. Historia ya utalii wa gorila humtaja kama mwasisi. Ni nadra Rwanzagire kutajwa zaidi ya mstari mmoja, ingawa bila yeye hoteli ingebaki kuwa hoteli ya kutazama milima.

3.0 Pareto, ng'ombe na gorila: Rwanda, 1969–1990

Kibali cha kisasa kilizaliwa katika mgogoro wa ardhi. Mwaka 1969 takriban hekta 10,000 za hifadhi upande wa Rwanda zilikatwa na kugawiwa wakulima wa pareto, katika mradi uliofadhiliwa na Jumuiya ya Ulaya. Ua la pareto hutoa dawa ya kuua wadudu, na soko lake lilionekana kuwa zuri. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu takriban milioni 4.8 katika nchi ambayo karibu kila kilima chake kilikuwa tayari kinalimwa. Katika hali hiyo, pendekezo la kukata hekta 5,000 nyingine kwa ajili ya ufugaji wa ng'ombe halikuwa wazo la ajabu. Lilikuwa na hesabu yake, na wasimamizi wa serikali waliokuwa wakilizingatia hawakuwa maadui wa wanyama. Walikuwa na raia wasio na mashamba.

Idadi ya gorila wakati huo ilikuwa ikishuka. Schaller alikadiria mwaka 1960 kwamba Virunga ilikuwa na gorila kati ya 400 na 500. Hesabu ya mwaka 1981 ilipata 254. Fossey, aliyeanzisha kituo cha Karisoke Septemba 1967 baada ya kufukuzwa na vita vya Kongo, aliamini kwamba njia ni doria, kuharibu mitego na kuwatisha majangili. Alizungumza Kiswahili na wafanyakazi wake, lakini mazungumzo yake na vijiji vya chini ya mlima yalikuwa ya amri zaidi kuliko ya mapatano. Gorila wake mpendwa, Digit, alipouawa tarehe 31 Desemba 1977, fedha nyingi zilichangwa ng'ambo kwa jina la mnyama huyo. Fossey alipinga utalii hadi kifo chake Desemba 1985.

Waliopendekeza njia nyingine ni Wamarekani wawili, Bill Weber na Amy Vedder, waliofika Karisoke mwaka 1978. Vedder alichunguza chakula cha gorila, Weber akawachunguza watu walioizunguka hifadhi. Hoja yao kwa serikali ilikuwa ya kihasibu: msitu ukiachwa ulivyo, na makundi machache ya gorila yakizoezwa watu, wageni watalipa fedha za kigeni zinazoweza kushindana na ng'ombe. Mradi wa Gorila wa Milimani ulianza mwaka 1979 ukiwa na sehemu tatu, yaani ulinzi, elimu na utalii. Mpango wa ng'ombe uliwekwa kando.

Hapa ndipo bei ilipopata tabia yake ya kudumu. Kwa kuwa kibali kilibuniwa ili kushindana na shamba, hakikuweza kuwa cha bei ya chini hata kama gharama za uendeshaji zilikuwa ndogo. Pia hakikuweza kuuzwa kwa wingi. Gorila huambukizwa maradhi ya binadamu, hasa ya njia ya hewa. Mlipuko wa maradhi hayo mwaka 1988 ulisababisha vifo na kuwalazimisha madaktari kuwachanja gorila dhidi ya surua, ugonjwa walioushuku. Wageni waliwekewa kikomo cha watu sita kwa kundi, kisha wanane, saa moja, umbali wa mita kadhaa, na umri usiopungua miaka 15. Makundi manne yaliyotembelewa na watu sita kila moja yanatoa vibali 24 kwa siku. Bidhaa ya namna hiyo haina njia ya kuongeza mapato isipokuwa mbili: kuzoeza makundi mapya, kazi inayochukua miaka, au kupandisha bei. Kila serikali iliyofuata ilitumia zote mbili, lakini ya pili ilikuwa ya haraka.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, hasa baada ya filamu ya mwaka 1988 kuhusu maisha ya Fossey, utalii wa gorila ulikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha za kigeni nchini Rwanda. Kisha vita vikaanza Oktoba 1990, na milima ya Virunga ikawa uwanja wa mapigano.

4.0 Vita na nafuu, 1990–1999

Msafiri wa bajeti wa miaka ya mwanzo ya 1990 alikuwa na mahali pa kwenda. Zaire ilikuwa imeanzisha utalii wake wa gorila mapema: Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, ilikuwa ikipokea wageni tangu miaka ya 1970 kuwaona gorila wa nyanda za mashariki, na Djomba, karibu na mpaka wa Bunagana, ilikuwa na gorila wa milimani waliozoezwa. Malori ya watalii vijana waliovuka Afrika kwa miezi kadhaa yalipiga kambi Kisoro, abiria wakavuka Bunagana asubuhi. Rwanda ilipofungika, Djomba ilijaa. Nafuu ya upande wa Zaire ilitokana na dola iliyozidi nguvu fedha ya nchi siku hadi siku, na askari wa hifadhi ambao mshahara wao mara nyingi haukufika. Mgeni aliyesifu bei ile alikuwa akinufaika na dola iliyokuwa ikiporomoka mbele ya macho yake.

Uganda nayo iliingia sokoni. Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga ilitangazwa kuwa hifadhi za taifa, na Aprili 1993 wageni wa kwanza walipelekwa kuliona kundi la Mubare kule Buhoma. Kwa sheria ile ile ya mwaka 1991 Wabatwa waliokuwa wakiishi kwa kuwinda na kukusanya asali na matunda msituni walitolewa. Hawakuwa na hati za ardhi, na walio wengi hawakulipwa fidia. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda, katika shauri lililofunguliwa mwaka 2013, iliona kwamba kutolewa huko bila fidia ya kutosha kuliwaacha katika hali ya kutengwa. Miaka 28 ilikuwa imepita kati ya kibali cha kwanza na maneno hayo.

Buhoma ilijengewa kambi ya wageni inayomilikiwa na jamii, yenye vibanda na uwanja wa mahema, na kwa miaka sita sehemu hiyo ilikuwa chaguo la wasafiri wenye mkoba mgongoni. Asubuhi ya tarehe 1 Machi 1999 kundi la wapiganaji waliotoka upande wa Kongo, mabaki ya Interahamwe waliohusika na mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, lilivamia Buhoma. Watalii wanane waliuawa, pamoja na afisa wa hifadhi wa Uganda aliyekuwa akihusika na jamii. Tangu hapo kila msafara wa wageni Bwindi umesindikizwa na askari, na gharama ya askari hao imo ndani ya kibali.

Mwaka huo huo wa 1999 Rwanda ilifungua tena Hifadhi ya Volkano. Nchi iliyokuwa imetoka katika maangamizi ilihitaji kumshawishi mgeni kwamba iko salama, na kwa muda mfupi bei zake zilikaribiana na za jirani.

5.0 Ngazi za bei, 2000–2024

Kuanzia hapo mstari wa bei unapanda, na unapanda kwa hatua kubwa. Rwanda ilitoza dola 375 katika miaka ya kati ya 2000, dola 500 kuanzia 2007, na dola 750 kuanzia 2012. Tarehe 6 Mei 2017 Bodi ya Maendeleo ya Rwanda ilitangaza dola 1,500, bei iliyoanza kutumika mara moja kwa vibali vipya. Sehemu ya mapato ya hifadhi inayorudishwa kwa jamii, iliyoanzishwa mwaka 2005 ikiwa asilimia 5, ilipandishwa hadi asilimia 10 siku hiyo hiyo. Maelezo rasmi yalikuwa ya uhifadhi na manufaa ya wanavijiji. Kulikuwa pia na sera ambayo haikufichwa: Rwanda ilitaka wageni wachache wanaotumia fedha nyingi, na hoteli za kifahari zilizokuwa zikijengwa Kinigi zilihitaji wageni wa aina hiyo.

Uganda haikufuata. Ilibaki kwenye dola 600 na kuvuna waliokataa kulipa maradufu. Kwa miaka kadhaa ilikuwa ikipunguza bei hadi dola 450 katika miezi ya mvua ya Aprili, Mei na Novemba, wakati vibali hukosa wanunuzi. Ilipanda hadi dola 700 Julai 2020, wakati ambapo janga la Uviko-19 lilikuwa limefunga utalii na hakukuwa na mgeni wa kuilipa. Julai 2024 ikafika dola 800.

Inafaa kusema wazi kwamba ongezeko hili, kwa upande wa wanyama, limefanya kazi. Gorila 254 wa Virunga wa mwaka 1981 walikuwa 380 mwaka 2003, 480 mwaka 2010, na 604 katika hesabu ya 2015 na 2016. Hesabu ya Bwindi ya mwaka 2018 ilipata 459, na jumla ikawa 1,063. Novemba 2018 gorila wa milimani waliondolewa katika daraja la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka na kushushwa daraja moja la hatari. Hakuna nyani mkubwa mwingine mwituni ambaye idadi yake imeongezeka kwa namna hiyo. Mtafiti anayelalamikia bei bila kutaja tarakimu hizi hafanyi haki.

Hata hivyo, bei moja iliyo katika dola huficha bei nyingine. Uganda huwatoza raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa shilingi: 250,000 kwa miaka mingi, na 300,000 tangu Julai 2024. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha wakati huo hicho ni karibu sehemu moja ya kumi ya anacholipa mgeni wa Ulaya. Rwanda, ilipofungua tena utalii mwaka 2020, iliweka dola 200 kwa raia wake na wa Jumuiya. Wakati utalii wa kimataifa ulipokauka, hifadhi ziligundua kwamba jirani naye ni mtalii. Mkenya wa Nairobi au Mtanzania wa Bukoba, ambaye kwa miongo mingi aliwajua gorila kupitia filamu za wageni, alijikuta ndiye mteja anayetafutwa. Bei hizi za ukanda ndizo mabadiliko makubwa zaidi katika historia ya nafuu ya safari hii, na zimezungumzwa kidogo mno katika maandishi ya utalii, ambayo kwa sehemu kubwa huandikwa kwa ajili ya msomaji anayeruka kutoka Ulaya au Marekani.

6.0 Ramani ya msafiri wa kipato cha kawaida

Kibali kikishalipwa, kinachobaki ni barabara na kitanda, na hapo mipaka ya kisiasa imekuwa na uzito kuliko umbali. Kutoka Kigali hadi Musanze, mji ulio chini ya Hifadhi ya Volkano, ni safari ya saa mbili hivi kwa basi kwenye lami. Kutoka Kampala hadi Bwindi ni mwendo wa siku nzima. Kwa hiyo baada ya mwaka 2017 ulizuka mtindo wa kutua Kigali na kuvuka mpaka: mgeni alitumia uwanja wa ndege wa nchi moja na kibali cha nchi nyingine. Viza ya pamoja ya watalii ya Kenya, Uganda na Rwanda, iliyoanza mwaka 2014 kwa dola 100, ilirahisisha jambo hilo, kwani mgeni hakulipia viza mara mbili. Tanzania haikujiunga na utaratibu huo.

Mtindo huo uliyumba mwishoni mwa Februari 2019, uhusiano wa Rwanda na Uganda ulipoharibika na mpaka wa Gatuna, ulio kwenye barabara kuu ya Kigali na Kabale, ukafungwa. Raia wa Rwanda walizuiwa kuvuka kwenda Uganda. Mtalii mgeni aliweza bado kupitia Cyanika hadi Kisoro, lakini dereva Mnyarwanda aliyemtoa Kigali alilazimika kumwacha mpakani, na gari la pili likaingia kwenye hesabu. Gatuna ilifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Kwa karibu miaka mitatu, basi, nafuu ya safari ya gorila iliamuliwa na ugomvi wa serikali mbili ambao haukuwahusu gorila hata kidogo.

Msafiri wa kutoka Tanzania kupitia Kagera ana njia ambayo vitabu vya mwongozo huiruka. Huvuka Mutukula, huunganisha Masaka bila kufika Kampala, kisha Mbarara na Kabale, yote kwa mabasi ya kawaida. Kutoka Kabale ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Bwindi ina sehemu nne za kuanzia: Buhoma kaskazini, Ruhija mashariki, Rushaga na Nkuringo kusini. Kibali huandikwa sehemu mahususi na tarehe mahususi, na barabara za kuunganisha sehemu hizo huzunguka milima kwa saa kadhaa. Aliyenunua kibali cha Buhoma na kulala Kisoro kwa kuwa nyumba za wageni huko ni za bei ndogo hukodi gari usiku, au hupoteza saa aliyoilipia. Wageni hutakiwa kufika asubuhi kwa maelezo ya mwanzo. Msafara haumsubiri mtu.

Upande wa Kinigi kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye kibali. Baada ya makundi kugawanywa makao makuu ya hifadhi, kila mgeni hujitafutia usafiri hadi mahali njia ya miguu inapoanzia, na barabara hizo ni za mawe ya volkano. Aliyefika kwa basi na bodaboda huomba nafasi katika gari la wengine. Buhoma, kwa kulinganisha, baadhi ya makundi huanziwa kwa miguu kutoka ofisini. Ni mambo madogo, lakini ndiyo yanayoamua kama mwalimu wa sekondari au muuguzi ataweza kwenda.

7.0 Sehemu iliyobaki ya bei

Kibali cha Virunga, upande wa Kongo, kimekuwa cha bei ya chini kwa muda mrefu, na sababu yake haihitaji uchunguzi mrefu. Zaidi ya walinzi 200 wa hifadhi hiyo wamekufa kazini katika vita vya miongo ya karibuni. Julai 2007 gorila wa kundi la Rugendo, akiwamo dume kiongozi Senkwekwe, waliuawa kwa risasi; mauaji hayo yalihusishwa na biashara haramu ya makaa. Utalii ulisimamishwa mwaka 2012 kwa vita vya M23, ukafunguliwa 2014, ukasimamishwa tena Mei 2018 baada ya watalii kutekwa na mlinzi wa kike kuuawa, ukafunguliwa Februari 2019, ukafungwa na janga mwaka 2020. Bunagana ilianguka mikononi mwa M23 Juni 2022, na Goma Januari 2025. Katika kila kipindi cha kufunguliwa walijitokeza wasafiri waliosifu Virunga kuwa nafuu kuliko zote. Walikuwa sahihi kwa hesabu ya mfuko. Dola 1,100 walizookoa kwa kutolipa bei ya Rwanda zilikuwa kipimo cha hatari iliyobebwa na mtu aliyevaa sare ya kijani, na ambayo mgeni aliibeba kwa siku mbili tu.

Upande wa Uganda deni hilo lina sura nyingine. Kati ya fedha za kila kibali, dola 10 hutengwa kwa ajili ya jamii zinazopakana na hifadhi. Mkulima anayeishi ukingoni mwa Bwindi hupoteza migomba kwa gorila na mahindi kwa nyani, na hukamatwa akiingia msituni kutega paa. Juni 2020, wakati wageni hawapo na mapato ya vijijini yamekatika, Rafiki, dume kiongozi wa kundi la Nkuringo, alichomwa mkuki. Aliyehukumiwa kifungo cha miaka 11 alieleza kwamba alikuwa akiwinda wanyama wadogo na gorila alimshambulia. Mwezi huo huo wa Julai alipohukumiwa ndio mwezi bei ya kibali ilipopanda hadi dola 700.

8.0 Kundi la Hirwa

Gorila wenyewe wameishi miaka hii yote bila kujua upande upi ni ghali. Kundi la Nyakagezi, lililozoezwa Mgahinga, lilihamahama kati ya Uganda, Rwanda na Kongo kwa miaka, na waliokuwa wamenunua vibali vya Mgahinga wakakuta hakuna wa kuonyeshwa. Lilirudi Uganda Novemba 2012 na kutulia. Agosti 2019, wakati Gatuna imefungwa na Wanyarwanda hawaruhusiwi kuvuka, kundi la Hirwa lenye gorila 17 liliondoka Hifadhi ya Volkano na kuingia Mgahinga. Lilitoka kwenye msitu ambamo saa moja mbele yake iliuzwa kwa dola 1,500, likaingia msitu wa dola 600. Februari 2020 wanne kati yao, majike watatu, mmoja akiwa na mimba, na mtoto dume, walikutwa wamekufa mlimani, na dalili za miili yao zilielekeza kwenye radi.